Isale la Jumatatu ya Pasaka

Ninyi walimu vijana mnaosema likizo ya Pasaka ni fupi mno, mimi nawasikiliza tu na kucheka kimoyomoyo. Hata zamani ilikuwa fupi vilevile. Tofauti ni kwamba sisi hatukuitumia kulala. Shule ikifungwa leo, kesho mnatukuta tumesimama kwenye tope mahali fulani, mwavuli mmoja watu watatu, tunatazama kwaya ya watu wengine ikiimba. Nimestaafu sasa, nakaa Soweto hapa mjini Moshi, magoti yananilaumu kila nikipanda ngazi, lakini mkiniuliza kazi ya kufundisha kwaya niliisomea wapi, sitawatajia chuo. Niliisomea likizoni.

Shule yangu ilikuwa huku chini tambarare, katikati ya mashamba ya miwa. Watoto wetu walikuwa wa wafanyakazi wa shamba na kiwanda, watu waliotoka Songea, Kigoma, Singida na Iringa, na kila jamii ilikuja na ngoma yake. Mwalimu mwenzangu pale alikuwa Ngonyani wa Songea, mtu wa kucheka hata msibani. Rafiki yetu wa tatu, Kalisti, alifundisha juu mlimani, kwenye shule iliyopakana na parokia, mwendo wa kupanda mpaka ulimi ukutoke nje. Kalisti ananizidi miaka miwili tu, na tangu siku ya kwanza alidai shikamoo yake. Mimi ni Mchaga wa huko huko mlimani, nikajua siwezi kukwepa. "Shikamoo, mkubwa." "Marahaba, mdogo." Ndivyo tulivyosalimiana miaka yote, isipokuwa mitatu nitakayoieleza, maana ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu.

Likizo yetu ilikuwa na ratiba. Ijumaa Kuu tulipanda kwa Kalisti kutazama igizo la Njia ya Msalaba. Jumapili ilikuwa kwaya ya parokia. Jumatatu tulishuka wote kambini kwenye ngoma za wafanyakazi. Jumamosi iliyofuata, Kwaresima imekwisha na harusi zimefunguliwa, tulisimama mjini kwenye mzunguko wa barabara kutazama matarumbeta yakipita juu ya pikapu. Ngonyani aliwajua wapigaji wote kwa mashavu yao.

Igizo la Ijumaa Kuu ndilo lililonifundisha kanuni kubwa ya kazi hii. Mwaka mmoja mvua ilinyesha tangu alfajiri, na askari wa Kirumi, aliyevaa gambuti chini ya kanzu nyekundu, aliteleza akaanguka chali kwenye mteremko. Yule kijana aliyeigiza Yesu alikuwa na roho nzuri kweli. Aliuweka msalaba chini, akampa mkono askari wake, akamfuta tope mgongoni. Akina mama waliokuwa wanalia wakasahau kulia. Wengine walijiziba midomo kwa khanga, mabega yakawa yanatikisika. Kalisti, aliyekuwa mwongozaji, hakugomba. Alipiga makofi mara moja akasema, "Tokeni, muingie upya." Msafara mzima, Yesu, askari na wanawake wa Yerusalemu, ukarudi nyuma ya ghala la kahawa, ukaingia upya kana kwamba hakuna kilichotokea. Mara ya pili hakuna aliyecheka.

Nilimwuliza kwa nini hakuwaacha waendelee tu. Akaniambia, "Mdogo wangu, ukiingia vibaya huwezi kujirekebisha ukiwa katikati. Utaimba wimbo mzima ukiwa unaona aibu ya mlangoni."

Kanuni hiyo niliichukua nikaifanya yangu. Kwaya yangu ilijifunza kuingia kabla ya kujifunza kuimba. Tukipanda mlimani wakati wa masika, watoto walibeba viatu mkononi, wakanawa miguu kwenye mfereji, ndipo wakavaa na kupanga mstari. Mtoto mwenye tope kwenye soksi haimbi, anatazama soksi.

Makosa mengine niliyafanya mwenyewe na nikayalipia. Safari yangu ya kwanza kuwapeleka watoto wa tambarare kuimba kwa Kalisti, tulipanda kwenye tela la trekta lililokuwa limebeba miwa jana yake. Walifika sketi zimewagandia kwa utamu. Kutoka pale tela lilipokwama tukatembea, na tulipofika, Mama Aloisi, mkewe Kalisti, akatupokea kwa mtori wa moto, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama, bakuli baada ya bakuli. Ugenini hukatai chakula. Kisha tukasimama kuimba. Nikatoa noti, yaani nikawaimbia sauti ya kuanzia, ile ile ninayotoa kila siku kule chini. Walipofika mahali pa juu sauti ya kwanza ikapasuka, ya pili ikasinzia, na mtoto mmoja wa sauti ya nne akacheua, watu wote wakamsikia.

Kalisti alisubiri nimalize kuona aibu. "Waliopanda mlima hawana pumzi," akasema. "Ukipanda, shusha noti hatua moja. Na mtori ni wa baada, si wa kabla." Yaandikeni hayo. Hayamo kwenye mtaala.

Siku hizi mnafundisha kwa simu. Wimbo unatumwa na sauti zake nne, kila mtoto anasikiliza yake, na kinanda kimesharekodiwa. Sikatai, ni kazi nzuri. Sisi tulikaa barazani, mmoja anaandika do-re-mi ubaoni, mwingine anafuta kwa kiganja, na wimbo mmoja ulituchukua likizo nzima. Ila kuna kitu kimoja kinaniudhi. Juzi nilitumiwa wimbo mzuri sana na mwalimu mmoja kijana, nikamwuliza umetungwa na nani. Akaniambia, "Babu, hata sijui, umezunguka tu kwenye makundi." Nyimbo hazizunguki zenyewe. Kuna mtu alikaa mahali akaumiza kichwa. Nawagombeza kwa jambo hili kwa sababu mimi nililifanya, na kwa ubaya zaidi, maana mtunzi nilimjua.

Wimbo uliitwa Mfereji wa Babu. Kalisti aliutunga likizo moja ya Pasaka, akatufundisha mimi na Ngonyani barazani kwake. Sauti ya kwanza inaanza peke yake juu, kisha inaipa ya pili, ya pili inaipa ya tatu, mpaka chini kwenye besi, kama maji ya mfereji yanavyopita kwa zamu kihamba hadi kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo mmoja hadi la mwingine. Nilipousikia mara ya kwanza niliacha kula. Nilimwomba niufundishe kwa watoto wangu kwa ajili ya mazoezi tu. Akasema, "Chukua. Ila kwenye mashindano tutauimba sisi."

Mashindano ya kwaya za shule yakaja. Watoto wangu walikuwa na wimbo wao, na mwimbishaji wake alikuwa msichana mwenye sauti ya ajabu. Asubuhi ile alitafuna miwa njia nzima, ulimi ukachubuka, akawa hawezi kutamka neno. Mwalimu mkuu wangu alikuwa amekaa mstari wa mbele na amekwisha kujisifu kwa wenzake. Wimbo mwingine waliouweza ulikuwa mmoja tu. Tukapiga kura ya zamu, tukapangwa kuimba wa pili. Shule ya Kalisti ikapangwa ya saba.

Utaratibu ulikuwa hivi: mwalimu anatoka mbele, anataja jina la wimbo na jina la mtunzi, kisha anatoa noti. Nikatoka mbele. Nikasema, "Wimbo wetu unaitwa Mfereji wa Babu." Mdomo ukaishia hapo. Waamuzi wakainamisha vichwa wakaandika, na mimi nikajua wanaandika jina la nani.

Tulishinda. Watoto wa Kalisti walipopanda jukwaani na kuanza sauti ile ya kwanza peke yake juu, watu wakaanza kunong'ona kwamba wameiga. Walipewa nafasi ya mwisho. Meza ya waamuzi haikuwa mbali nami, kama kutoka kitandani hadi mlangoni. Sikwenda. Nilijiambia kwamba watoto wangu wataumia, kwamba mwalimu mkuu ataaibika, kwamba wimbo nilifundishwa kwa hiyo ni wangu kidogo. Nilipotoka nje nilimkuta Kalisti anawapandisha wanafunzi wake kwenye gari, wengine wanalia. Nikamwambia, "Shikamoo, mkubwa." Akajibu, "Marahaba." Ule "mdogo" haukuja.

Kwa Pasaka tatu haukuja. Tulikutana sokoni, msibani, ofisini, kila mara ikawa marahaba kavu na mgongo. Sikupanda tena mlimani likizoni. Ngonyani alipanda peke yake, akarudi kunisimulia nani aliteleza na nani aliimba vizuri, nami nikajifanya sijali. Nilimkumbuka Kalisti kuliko nilivyowahi kumkumbuka ndugu yangu wa tumbo moja. Kwenda kumwomba msamaha nikashindwa. Kiburi cha mwalimu mnakijua, tunazoea kusahihisha wengine kwa wino mwekundu.

Pasaka ya nne Ngonyani aliandaa ngoma ya watoto kambini. Alitaka kila mtoto ashike jani refu la kijani, na mwisho wa ngoma wampe mgeni mmoja kama karibu. Matawi ya Jumapili ya Matawi yalikuwa yamekauka. Basi akapanda mlimani, akaona kwenye mipaka ya vihamba majani mazuri marefu, akamwomba bibi mmoja. Bibi akamwuliza anataka mangapi. Ngonyani akasema, "Arobaini, bibi." Yule bibi alimtazama kwa huruma kubwa, akasema, "Pole, mwanangu," akamruhusu akate. Ngonyani alishuka na gunia lake akisifu ukarimu wa Wachaga.

Kwa asiyejua, jani lile ni isale. Kwetu halipandwi kwa mapambo. Linaonyesha mpaka, linalinda kaburi, na mtu aliyekukosea akikuletea isale anakuomba msamaha, nawe huwezi kumkatalia. Ngonyani alikaa nasi miaka yote ile na hakuna aliyekumbuka kumwambia.

Nilikuwa nimekaa upande mmoja wa uwanja watoto walipoingia. Wafanyakazi wa kutoka mbali walishangilia. Wenyeji wa mlimani, waliokuwa wengi siku ile, walinyamaza kimya. Watoto arobaini na masale arobaini. Ngoma ilipokwisha watoto wakasambaa kugawa majani, na hapo kukawa na vurugu ya aina yake. Mzee mmoja alishika lake mkononi akawa anauliza kila aliyekaa karibu, "Ni nani kanikosea?" Watu wawili waliogombania mpaka wa shamba walipewa kila mmoja lake, wakatazamana, wakapeana mikono bila kujua nani ameanza.

Kalisti alikuwa ng'ambo ya uwanja, Ngonyani alimwalika. Msichana wa darasa langu, Neema, alimpigia goti akampa isale kwa mikono miwili. "Shikamoo, mwalimu. Pokea." Kalisti alimwuliza jambo, nadhani anasoma kwa mwalimu gani, maana Neema aligeuka akaninyooshea kidole. Kalisti akalitazama jani, akanitazama mimi. Kisha akainuka, akauvuka uwanja wote kwenye tope, akasimama mbele yangu.

"Nimepokea, mdogo," akasema.

Mnajua nilipaswa kusema nini. Nilipaswa kusema, kaka, jani hili si langu, ni makosa ya Ngonyani, langu nakuletea kesho. Lakini machozi yalikuwa yamemjaa machoni, na lile neno "mdogo" nilikuwa nimelisubiri miaka mitatu. Nikashika mkono wake nikanyamaza. Ikawa mara yangu ya pili kunyamaza mbele ya mtu yule yule. Jioni nilimweleza Ngonyani maana ya majani yake, na mara hiyo hakucheka.

Urafiki ukarudi. Likizo zikarudi, na igizo na ngoma na matarumbeta, tukazeeka pamoja kwenye tope. Sisemi sikufurahi, nilifurahi sana. Ila kila mwaka tulipopita kando ya masale kwenye mpaka wa kihamba chake, nilitazama upande mwingine.

Mwaka huu Ngonyani, aliyerudi kwao Songea alipostaafu, alikuja kwa basi kula Pasaka na sisi. Jumatatu tukapanda kwa Kalisti, tukipumzika kila kona kama trekta bovu. Tulimkuta barazani na mwalimu kijana wa kwaya ya parokia, binti anayeitwa Upendo. Mama Aloisi alikuwa amepika machalari, harufu ya ndizi na nyama ilitupokea tangu getini.

Tulipokwisha kunawa, Kalisti akamgeukia Upendo. "Binti yangu, unamwona huyu Damasi? Aliwahi kunikosea kosa kubwa. Wengine wangesubiri mpaka wazikane. Huyu alinitumia isale kwa mkono wa mwanafunzi wake, mbele ya umati mzima. Mtu mzima, mwalimu, kujishusha vile. Ukitaka kujua mwalimu ni nini, mtazame huyu."

Upendo alinitazama kwa heshima kiasi kwamba nikalirudisha tonge sahanini. Ngonyani alikuwa anaichunguza sahani yake. Lawama ningeivumilia hadi kaburini, lakini sifa ile ilinishinda, na tena alikuwa anamfundisha binti wa watu kwa mfano wa uongo.

"Kaka," nikasema, "lile isale halikutoka kwangu."

Nikamweleza yote, gunia la Ngonyani, yule bibi, Neema. Upendo aliacha kula. Kalisti alisikiliza hadi mwisho akiwa ameshika fimbo yake.

"Kumbe halikutoka kwako."

"Halikutoka kwangu."

"Na wimbo je?"

"Wimbo ulikuwa wako."

"Hilo nalijua, nilitunga mwenyewe." "Miaka yote hii nimekusamehe kwa jani la Ngonyani."

"Nisamehe na mimi," Ngonyani akasema kwa sauti ndogo. "Niliambiwa siku ile ile."

Kalisti aliinuka kwa shida, akashuka ngazi za baraza akielekea mpakani. Nikadhani ameondoka kwa hasira, na nikawa najiambia kwamba ndiyo basi, sitapanda tena huku, na ndivyo ninavyostahili. Mama Aloisi alitoka jikoni akauliza kuna nini. Kalisti akarudi taratibu kwenye manyunyu, na mkononi ana isale bichi. Akanipa.

"Uliingia vibaya," akasema. "Toka, uingie upya."

Nikadhani anatania. Hakuwa anatania. Nikachukua jani, nikashuka ngazi na magoti yangu haya, nikaenda hadi getini. Nikafungua, nikatoka, nikafunga. Jirani aliyekuwa anapita na mzigo wa majani ya ng'ombe aliona lile isale, akaniamkia kwa adabu na kupisha njia. Nikafungua tena nikaingia.

Nilikuwa nimefika katikati ya uwanja Kalisti aliponisimamisha. "Mkono wa kushoto huo. Tena."

Nikarudi getini. Ngonyani alianza kucheka, na nilifurahi kumsikia. Mara hii nilisimama nje kidogo, nikanawa tope la viatu kwenye mfereji unaopita pale, nikaliweka jani sawa katika mikono yote miwili. Nikaingia. Nikapita uwanja, nikapanda ngazi, nikasimama mbele yake kama nilivyosimama mbele ya waamuzi.

"Shikamoo, mkubwa."

Alikuwa anasubiri, na nikaelewa anasubiri nini. Nikageuka nikawatazama Upendo, Ngonyani na Mama Aloisi aliyekuwa ameegemea mlango na mwiko mkononi.

"Wimbo wetu unaitwa Mfereji wa Babu," nikasema. "Umetungwa na Mwalimu Kalisti. Mimi nilifundishwa tu, kwenye baraza hili, na niliuimba nikalificha jina lake. Naomba msamaha kwake na kwa watoto wake."

Kalisti akalipokea jani. Akaliweka juu ya meza kando ya sahani yake, akalinyoosha kwa kidole kama mtu anayenyoosha karatasi.

"Marahaba, mdogo," akasema. "Sasa toa noti."

Nikaitoa. Niliishusha hatua moja, maana nilikuwa nimepanda mlima.